Kata ya Kitindamimba

Kuna watu wanaojivunia ng'ombe, na wengine hujivunia watoto waliofika chuo kikuu. Mwalimu Heriel, aliyekuwa akifundisha kemia Chake Chake kwa mwaka wa tisa sasa, alijivunia ulimi. Si ulimi wa maneno, maana kwenye maneno alikuwa mtu wa kawaida tu, tena mpole. Alijivunia ulimi wa kuonja. Mpe chai ya ofisi ya walimu, na kwa funda la kwanza atakwambia maji yamechemshwa mara mbili. Mletee embe, atakwambia limeiva mtini au limevundikwa. Walimu wenzake wa kisiwani, watu wa swala tano, walimwachia sifa hiyo bila wivu na hawakumuuliza aliipatia wapi. Wangemuuliza angewajibu kweli, kwamba aliipatia kwenye pombe.

Msikimbilie kumhukumu. Heriel hakuwa mlevi. Katika miaka yake hamsini na miwili hakuna aliyewahi kumbeba kumrudisha nyumbani, wala hajawahi kuamka asijue alilalaje. Yeye alikuwa mwonjaji. Mwezi mzima ungeweza kupita Pemba hajagusa tone na asione ajabu. Lakini baada ya chakula cha mchana, akijinyoosha kitandani na feni ikizunguka polepole juu yake, alifumba macho akarudi kwenye vilabu vitatu vilivyomlea ulimi. Alivipitia kimoja baada ya kingine, kwa utaratibu uleule, kama mzee anayevuta tasbihi.

Cha kwanza kilikuwa ua wa nyumbani kwao, Machame, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Mama yake alikuwa mjane, na watu walimwita Mama Joyceline kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alipika mbege, na mbege yake iliwavuta wanaume kutoka vijiji vya mbali. Alichemsha ndizi mbivu mpaka zikawa nyekundu, akaziacha siku kadhaa kwenye pipa, akazikamua, kisha akachanganya maji yake na uji wa kimea cha ulezi uliopikwa na magome ya msesewe, mti mchungu unaoipa mbege ukali wake. Kesho yake wanaume waliketi juu ya magogo, kata ya kibuyu ikaenda mkono kwa mkono, na habari za dunia zikasemwa zote. Heriel alikuwa kitindamimba wa nyumba ile, na yeye alikuwa na kata yake peke yake. Tangu alipotimiza miaka kumi, mama yake alimwita mbele ya wanaume wote, akamjazia, akamwambia, "Hii ni yako, mwanangu. Usimpe mtu." Siku ya kwanza alikunywa yote, akalewa, akazunguka ua akiimba nyimbo za Krismasi katikati ya mwezi wa sita, wanaume wakacheka mpaka wakafuta machozi. Hakuwahi tena kukutana na kinywaji kama kile. Kilikuwa kitamu, kizito, chenga za ulezi zikielea juu, na kilishuka taratibu kikiacha joto njia nzima.

Cha pili kilikuwa Iringa, alipokuwa chuo cha ualimu. Huko watu hunywa ulanzi, maji ya mwanzi mchanga yanayochuruzika tone kwa tone. Wenzake walipenda uliokaa siku mbili tatu, mkangafu wa kupasua kichwa. Heriel aliamka mapema, akapanda mlima hadi kwa bibi mmoja aliyeugema, akanywa ulanzi mtogwa, ule wa siku hiyohiyo, ukungu ukiwa bado umelala kwenye mianzi. Wenzake walimwambia anakunywa maji ya watoto. Mmoja tu ndiye aliyefuatana naye, kijana mrefu asiyetulia mikono, jina lake Telesphory, na urafiki wao ulianzia kwenye njia ile yenye umande.

Na cha tatu kilikuwa cha huyohuyo Telesphory. Alifundisha miaka mitatu, akaitupa chaki, akaajiriwa Arusha kwenye kiwanda kidogo cha bia, matangi manne tu nyuma ya gereji, ambako watu watano walipika bia kidogokidogo kwa mikono yao. Kila likizo Heriel alipita pale, akaketi juu ya kreti, akaonjeshwa. "Maua yamezidi," alisema, akimaanisha hopsi, yale maua yanayoitia bia uchungu. "Punguza. Acha shayiri iseme." Telesphory alipunguza, na bia ikagombaniwa. Tangu siku hizo akauamini ulimi wa rafiki yake kuliko vipimo vyote vya kioo.

Kila mahali alipopita, Heriel alikuwa akitafuta kata ileile ya Machame. Aliipata robo Iringa, akaipata nusu Arusha, na usingizini Pemba aliipata yote.

Sasa mama alikuwa amefariki, mwaka wa tatu huu. Naye Telesphory alikuwa amejenga kiwanda chake mwenyewe Moshi, na bia aliyotaka iwe ya kwanza kutoka pale ilikuwa mbege ya Mama Joyceline, kwenye chupa, kwa jina lake. Si kazi ndogo. Mbege haina subira, ukiichelewesha siku mbili imekuwa siki. Telesphory alihangaika miezi kadhaa mpaka akajua namna ya kuilaza ndani ya chupa isiharibike. Kilichomshinda kilikuwa kujua iwe na ladha gani. Mama Joyceline alipima kwa kiganja na jicho, hakuandika kitu. Joyceline mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa na hakurithi kazi ile. Wanaume wa magogoni wengi walikwishazikwa. Ukabaki ulimi wa Heriel. Kwa hiyo chupa zilivuka bahari, Heriel akaonja, akaandika: sukari iongezwe, msesewe upungue, bado. Chupa nyingine zikaja, naye akaandika tena, bado.

Alhamisi moja Telesphory akapiga simu, sauti imechoka.

"Heri, hizi ndizo za mwisho. Nimekutumia tatu, zimeandikwa namba. Jumatatu asubuhi nawasha moto wa tangi kubwa, Jumamosi ni ufunguzi. Nataka Jumapili jioni uniambie moja, mbili, au tatu. Ukisema hakuna, basi tumuache mama apumzike. Nitafungua kwa bia ya shayiri kama watu wengine, na sitarudi tena kwenye ndizi."

Heriel alikubali. Akisema hapana, mbege ya mama yake ingekufa mara ya pili, na safari hii yeye ndiye angekuwa ameizika.

Jumapili asubuhi alimkuta Bi Time, mwenye nyumba wake, amekaa mbele ya mkeka wa karafuu, anachambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, kwa vidole bila kuyatazama. Harufu ilikuwa imejaa ua mzima. Bi Time alikuwa mama wa makamo aliyempangisha chumba miaka tisa kwa sharti moja, kwamba ulevi usivuke kizingiti. Heriel alilishika sharti lile kwa moyo wote.

"Mwalimu, wenda wapi na shati la kanisani, na kanisa lenu si njia hiyo?"

"Shikamoo, Bi Time. Nakwenda Mkoani bandarini kupokea mzigo, kisha nakwenda nao Wambaa."

"Marahaba. Nzigo wa nini?"

Heriel hakuwahi kumdanganya. "Pombe, Bi. Lakini haitafika hapa."

"Mie sikuuliza itafika wapi. Nauliza ya nini."

Basi akachuchumaa pembeni ya mkeka akamweleza yote, habari za rafiki yake, chupa tatu, na ile kata aliyojaziwa akiwa mtoto. Bi Time alisikiliza kwa uso uleule anaousikilizia mambo ya majirani, bila kushangaa wala kusifu. Mwisho akauliza, "Ntoto wa miaka kumi?"

"Ndiyo, Bi."

"Mama'ko mwenyewe, kwa nkono wake, akikupa ulevi?"

"Kwetu si jambo kubwa. Ni kama nyinyi na kahawa."

"Kahawa haimwangushi ntu." Akatupa konyo moja pembeni. "Na baba'ko je?"

"Baba alifariki nikiwa na miaka minne. Alitoka jioni kwenda kufungua maji, ilikuwa zamu ya shamba letu, akaangukia mferejini."

Vidole vya Bi Time vikasimama. "Nfereji huo una kina gani?"

Heriel akaweka kiganja usawa wa goti lake. Alikuwa ameuvuka mfereji ule mara elfu, akiwa mtoto na akiwa mtu mzima, na hakuna siku aliyoutazama kwa kujiuliza swali lile.

Bi Time akakiangalia kile kiganja, akamwangalia mwenyewe, kisha akarudi kwenye karafuu zake. "Haya, nenda, mwanangu," akasema kwa upole. "Jua lishapanda."

Kuna maneno mtu huambiwa yakamchoma palepale, na kuna yanayoingia taratibu. Hayo ya Bi Time yalikuwa ya aina ya pili. Heriel alifika Mkoani, akapokea boksi lake lililofungwa kwa kamba, akakodi pikipiki hadi Wambaa, na njia nzima goti lake lilikuwa likimsumbua, ingawa haliumi.

Wambaa alikuwa akiishi Severina, mpishi wa hoteli mojawapo ya pwani ile, mwanamke wa bara aliyesali naye kanisa moja. Alimwachia Heriel kibaraza cha nyuma cha nyumba yake, glasi tatu, mtungi wa maji na vipande vya muhogo uliochemshwa bila chumvi. "Barafu sina, Mwalimu," alisema akifunga kilemba. "Na usinilalie hapo mbu wakakubeba." Akaondoka kwenda zamu, na kibaraza kikawa kimya. Mbele yake kulikuwa na mikoko, na nyuma ya mikoko maji ya kujaa yalikuwa yakipanda bila sauti, meupe kwa jua la adhuhuri. Ilikuwa saa ile ambayo hata kuku hawatembei.

Akafungua chupa ya kwanza. Akanusa, akanywa funda, akaliacha likae chini ya ulimi, akafumba macho.

Ikaja Iringa. Ilikuja na baridi yake, shati likamlowa umande mgongoni, mianzi ikagongana juu yake, na yule bibi akamnyooshea kikombe cha bati huku akisema neno la Kihehe ambalo Heriel hakuwahi kulijua maana. Alikaa naye pale muda mrefu. Ilikuwa pombe nzuri, nyepesi, ya kijana asiye na deni na mtu. Lakini haikuwa ya mama. Akatafuna muhogo, akasukutua kwa maji.

Chupa ya pili ilikuwa nyeusi zaidi, na ilipofunguka kikatokea kitu cha ajabu. Harufu ilikuwa ya nyumbani kabisa. Ilikuwa harufu ya moshi, pipa, kanga ya mama akitoka jikoni na jasho juu ya mdomo wake. Moyo ukamruka Heriel, akanywa kwa pupa kinyume cha kanuni zake zote. Kinywa kikakataa. Ilikuwa chungu, kali, ikamkaba koo, na katika ile ndoto yake ya mchana aliona ua uliojaa migongo ya wanaume. Aliwazunguka akitafuta nafasi ya kupenya, na kila alipofika mgongo mwingine ukamzuia. Akafumbua macho akiwa na hasira, kama mtu aliyefungiwa mlango wa kwao. Msesewe umezidi, aliwaza, umezidi mno, Telesphory ana nini?

Ya tatu ilikuwa imefuata maandishi yake neno kwa neno. Ilikuwa tamu na nzito, ulezi ukielea juu. Hii ilikaribia. Ilikaribia mpaka akaiona kata yenyewe, ufa wake mdogo uliozibwa kwa nta, na mkono wa mama ukiishikilia. Akangoja uso utokee juu ya mkono. Haukutokea. Chini ya utamu kulikuwa na ukali uliojificha, mdogo tu, lakini ulimi wake haukuweza kuusamehe. Akaionja tena na tena. Kila alipoionja, mkono ulififia zaidi.

Hapo Heriel akaogopa. Aliogopa kweli, peke yake juani, mtu mzima mwenye mvi. Kama si moja, si mbili, wala si tatu, basi pengine ladha ile haikuwapo tena popote, hata kichwani mwake. Pengine miaka tisa ya karafuu na ukwaju ilikuwa imeufuta ulimi, au uzee, na alichokuwa akikirudia mchana chini ya feni kilikuwa ndoto aliyojitungia. Alijiona amemsahau mama yake. Hakuna aibu aliyowahi kuiona inayofanana na hiyo.

Akachukua simu akampigia dada yake Machame.

"Dada, nisaidie jambo. Mama alikuwa anatia msesewe kiasi gani?"

"Kwenye ipi?"

"Mbege, dada. Ipi tena?"

"Nauliza ya watu, au yako?"

Heriel akadhani mtandao umekatika vibaya. "Yangu vipi? Si ilikuwa moja?"

Huko Machame Joyceline aliingia ndani. Heriel alisikia jogoo wa kwao akiwika, na mlango ukifungwa.

"Heri," dada akasema, "nilifikiri ulikwishajua. Nilifikiri ulijua siku nyingi, ukawa unamstahi tu mama."

"Nijue nini?"

"Hakuwahi kukupa mbege. Hata siku moja. Siku moja kabla ya watu kuja alichemsha mkungu mdogo wa ndizi peke yake, akaukamua ungali wa moto, akanyunyizia ulezi uliokaangwa ili uelee juu kama mbege yenyewe. Hakuulaza, hakutia msesewe. Ilikuwa maji ya ndizi, mdogo wangu. Ungeweza kumpa hata mtoto mchanga."

"Lakini nililewa," alisema Heriel. Alisikia jinsi maneno yale yalivyo ya kitoto.

"Ulilewa kutazamwa. Mama aliingia jikoni akacheka mpaka akashika ukuta."

"Na nilipokuwa mkubwa? Nilipokuja na masharubu yangu?"

"Mpaka Krismasi yake ya mwisho. Mikono ilimtetemeka, akakataa nimsaidie. Alisema mkungu wa Heri nauchemsha mwenyewe."

Mwalimu wa kemia, jamani! Mtu aliyekwenda Arusha kuwafundisha wapika bia kazi yao, aliyeandika ripoti miaka miwili kwa kalamu nyekundu, alikuwa amenyweshwa maji ya ndizi miaka arobaini asijue. Damu ilimpanda usoni. Alitaka kucheka, akataka kumkasirikia mtu, na hakukuwa na mtu wa kumkasirikia ila marehemu. Kisha goti likamkumbusha.

"Dada. Baba siku ile alikuwa amekunywa?"

Joyceline alikuwa na miaka kumi na mitatu siku hiyo, na mambo ya siku hiyo hakuwahi kuyatoa kinywani.

"Alikunywa tangu mchana," akasema. "Jioni akaomba ya mwisho. Mama akamjazia, akamwambia, ukimaliza hiyo nenda kafungue maji, zamu yetu inapita. Akamaliza, akaenda." Akavuta pumzi. "Mfereji wenyewe unaujua."

"Unafika magotini."

"Mama hakuacha kupika, maana sisi tulitaka kula na ada. Lakini alisema mkono ule hautamjazia mwanawe. Nikamwambia basi mnyime. Akasema, mtoto wa kiume ukimnyima kata mbele ya wanaume, ataenda kuitafuta kwingine, nami sitakuwapo. Akaona akupe kata. Nikaapa sitakwambia."

Heriel akakata simu. Maji yalikuwa yamefika kwenye mizizi ya mikoko. Heriel aliwaza mambo yake yote upya, taratibu. Aliwaza ulanzi mtogwa, na wenzake waliomcheka wakishindia mkangafu. Wawili kati yao pombe iliwamaliza kabla ya miaka arobaini. Aliwaza hopsi alizozikataa, na jinsi kila ladha kali ilivyomfanya aweke glasi chini. Alikuwa akiita hiyo kipaji. Kumbe ulimi wake ulifundishwa na mwanamke mmoja mwenye hofu, aliyemzoesha utamu mpaka ukali ukamshinda. Akalia. Alilia waziwazi, machozi yakaingia kwenye ndevu, na hakujali kama watu wa Wambaa watampita njiani wakasema Mwalimu amelewa mchana.

Alipotulia alimpigia Telesphory, kabla ujasiri haujamtoka.

"Ehe?" Telesphory akasema. Nyuma yake vyuma viligongana. "Ni ipi?"

"Telesphory, ulimi wangu haujui. Sijawahi kuinywa mbege ya mama yangu."

Akamweleza yote, hata ya mfereji. Ilikuwa vigumu zaidi kusema habari za maji ya ndizi kuliko habari za mfereji, lakini alizisema. Alipomaliza alingoja kuchekwa. Telesphory hakucheka. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo ile likizo ya kwanza nilipokuja kwenu, ulipokuwa na kibuyu chako pembeni?"

"Maji ya ndizi."

"Na mimi nilikunywa na wazee."

"Wewe ulikunywa na wazee."

"Kata mbili," Telesphory akasema. "Nililala migombani mpaka siku ya pili mchana, mama yako akanifunika gunia. Heri, mimi ile mbege ninaijua. Niliipata mwezi wa tatu mwaka jana, nikaionja, nikakaa chini kabisa sakafuni, maana ilikuwa ndiyo. Nikakutumia. Ukaniandikia, mbali mno, msesewe umezidi. Nikasema, mwenye mama ndiye ajuaye. Nikaiacha. Safari hii nimeirudisha kwa ukaidi tu."

"Ya pili."

"Ya pili."

Heriel akaitazama chupa nyeusi juani. Ilikuwa imebaki zaidi ya nusu. "Ipike hiyo," akasema. "Usinisikilize tena. Usipunguze kitu."

"Na jina?"

"Jina lake. Ndiyo yake hiyo."

Alipokata simu aliimimina kidogo kwenye glasi safi. Safari hii hakufumba macho, na hakuihukumu. Aliinywa kama mtu anayeonyeshwa picha ya mama yake enzi za usichana wake, kabla yeye hajazaliwa, akiwa amesimama na watu asiowajua. Hii ndiyo aliyowajazia wanaume miaka yote ile, aliyoipika akijua imemfanyia nini. Uchungu ulimkaza taya. Hakuipenda. Aliweka glasi juu ya sakafu, na kutoipenda kwake kukamjaa kifuani kama shibe.

Kisha akampigia dada yake mara ya pili. Joyceline alipokea haraka, sauti ikiwa na wasiwasi.

"Heri? Umenikasirikia?"

"Hapana, dada. Nakuja Moshi Jumamosi, kwenye ufunguzi wa Telesphory. Watu wote watakunywa ile ya mama." Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na alichotaka kukiomba hakuwahi kukiomba maishani mwake. Siku zote alikikuta tayari. "Sasa, wakiinywa hiyo, mimi..."

Dada yake hakumngoja amalize.

"Mkungu ninao," akasema Joyceline. "Nitauchemsha Ijumaa."